Kidonge cha Viungo na Vidole Visivyoshika Kalamu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Viungo, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa wajumbe mliowahi viti vyenye mito, wataalamu, wadau, wadau wa wadau, ndugu wagonjwa mlioketi kwenye mabenchi ya nyuma karibu na mlango wa maabara, na mimi mwenyewe, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mabenchi ya nyuma yanapiga kwa miguu, viganja vinauma.)

Leo ni siku ya kihistoria katika historia ya siku zetu. Ofisi yangu, chini ya uongozi wangu ambao nauongoza mwenyewe, imelitazama tatizo la baridi yabisi, yaani ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huacha kupambana na vijidudu ikaanza kuvishambulia viungo vya mwenye mwili, na baada ya semina saba, warsha nne na kongamano moja lenye mapumziko mawili ya chai, tumeibuka na mkakati fungamani, shirikishi na endelevu wa kidonge cha virutubisho vya viungo. (Makofi kutoka kwenye mito.)

Wapo wanaouliza, na najua wanaketi wapi, iwapo kidonge kinasaidia. Data inajieleza. Tuligawa fomu mia tatu, na kila aliyetaka kuandikishwa apewe kidonge alitia sahihi kwanza kwamba kimemsaidia, hivyo mafanikio ni asilimia mia. Wale ambao vidole vilivimba wakashindwa kushika kalamu tuliwaondoa kwenye ripoti, kwa sababu kanuni ni kanuni: fomu isiyo na sahihi haina mgonjwa. (Mzee mmoja: "Kwa hiyo mimi siumwi?" Jirani yake: "Kwa mujibu wa fomu huumwi, mzee mwenzangu. Inuka ukabebe magunia." Vicheko.)

Utulivu, tafadhali. Naona mkono umeinuka nusu. Ni mama fundi cherehani. Sema, mama, kwa kifupi.

("Mheshimiwa, tangazo lako la ubaoni lilituambia tuache dawa za kliniki, tusubiri kidonge. Nimeacha mwezi wa tatu huu. Mkasi siushiki, vifungo vya gauni ananifungia binti yangu. Hicho kidonge nakinywa lini?")

Swali zuri sana, mama, na kwa uzuri wake tutaliundia kamati.

("Mama, usisubiri," anasema muuguzi kutoka mlangoni. "Virutubisho vya viungo, hata kwa magoti yaliyochakaa tu, tafiti zinavutana. Kwa ugonjwa wako ushahidi ni haba. Mafuta ya samaki huenda yakapunguza maumivu kidogo, lakini hayo ni nyongeza, hayashiki nafasi ya dawa. Kiungo kikishaliwa hakirudi, dada yangu. Twende ukamwone daktari leo.")

Muuguzi, utaitwa kwenye kikao. Neno "ushahidi" tulilitoa kwenye rasimu ya kwanza kabisa, lilikuwa linatuchelewesha. Mimi naahidi kwamba ndani ya awamu ijayo kila kiungo, kuanzia kifundo cha mguu hadi shingo, kitakuwa na afisa wake, na afisa atakuwa na kiti chake.

Sasa, nikisema viungo, mseme imara. Viungo. (Mabenchi ya nyuma yanainuka taratibu kumfuata muuguzi, fundi cherehani akiwa mbele, mkoba ameutundika kiwikoni.) Viungo. ("Imara," wanasema waheshimiwa, ambao hawaumwi.)

Namalizia kwa shukrani, nazisoma kama nilivyoandikiwa. Namshukuru mchapaji kwa maboksi elfu mbili yenye picha yangu. Namshukuru mtunza stoo kwa kuyalinda yasiibwe, ingawa ni matupu. Na nawashukuru kwa dhati wagonjwa wote waliotia sahihi kwamba wamepata nafuu, kutokana na kidonge ambacho hakuna aliyewahi kukitengeneza.