Pampu ya Vilikesa

Vilikesa alipanda kilima cha Tamavua na pampu moja ya kweli, pamoja na sanduku la bati la rangi ileile ya buluu, ndani mna mchanga mtupu. Pampu ndiyo iliyomlisha. Huifunga kwenye bomba la mtu, maji yakafyatuka, mwenye nyumba akalipa huku anacheka. Kisha Vilikesa huomba nafasi ya kukaza nati, na hapo ndipo anapoibadilisha kwa lile sanduku. Wenyewe hugundua yeye ameshateremka zamani. Pampu ya pili hakuwa nayo.

Juu akaona ndoo zimepangwa chini ya bomba linalodondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nyumba ilikuwa ya Makereta, mjane. Jumamosi binti yake anaolewa, na dalo zote, magimbi ya karamu, zimelundikwa barazani na matope yake, maji ya kuzioshea hakuna.

"Mama wa Delaiwai, zamu yangu sasa," mwanamke mmoja alimwambia Makereta.

Vilikesa akatabasamu. Watu wa Delaiwai ni watani wa watu wa Nukuvula, na mtani haulizwi maswali mengi mlangoni.

"Mama, ficha kuku, mwizi wako nimefika. Mimi Mnukuvula."

Makereta akamtazama tangu kofia mpaka viatu, vipya, vya ngozi. "Ndiyo maana nasikia harufu ya popo mnaowala. Wa nyumba ya nani?"

"Ile iliyo ubavuni mwa kanisa."

"Ubavuni mwa kanisa," Makereta akarudia polepole. "Haya, kaa mtani, unywe yangona."

Akanywa kile kinywaji cha mizizi, maana uongo nao unataka heshima zake. Kisha akakata bomba nyuma ya bafu, akazungushia uzi, akafunga pampu. Bomba likakohoa, likatema kutu, halafu maji yakapiga ndoo mpaka ikaanguka. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Sasa nikaze nati, halafu tuzungumze malipo."

"Malipo ya nini, mtani? Pampu nimeipenda. Nimeichukua."

Kitu akikitaka mtani, hanyimwi. Hilo Vilikesa alilijua tangu ananyonya. Akikataa, basi si Mnukuvula. Na kama si Mnukuvula, ni nani, na lile sanduku la nini? Wana wa Makereta, wacheza raga wote, walikuwa wakichimba shimo la kuchomea nguruwe. Wakasimama na sepetu zao kusikiliza jibu.

"Chukua, Mama," akasema, sauti inadondoka kama lile bomba la asubuhi.

"Na viatu. Kitinda mimba wangu hana vya harusi."

Akavua.

"Lakini usiondoke mikono mitupu, watu watanisema. Jitwishe lile sanduku la buluu. Zito, litakufaa."

Chini ya kilima muuza duka, Dharmen, akamwona anavyokanyaga changarawe kwa vidole.

"Nani kakufanya hivyo, kaka?"

"Yule mama wa Delaiwai. Utani wao hauna huruma."

"Delaiwai ni kwa marehemu mumewe. Makereta kazaliwa Nukuvula. Baba yake alikuwa mchungaji huko, na ubavuni mwa kanisa kuna nyumba moja tu, ya kwao."

Vilikesa akaketi juu ya mchanga wake. Kule kilimani maji yalikuwa yanagonga masufuria, na wanawake wanacheka mpaka wanashikana.