Mtungi wa Mama Mkwe Chini ya Kiti cha Skuta

Jumatano, 15 Oktoba
Tangi la skuta limetoboka. Fundi Babasaheb anasema petroli ya siku hizi inachanganywa na spiriti ya miwa, spiriti inavuta maji, na maji yanakula chuma. Eti ninunue tangi jipya. Nimecheka. Kolhapur nzima tunaishi kwa miwa, leo miwa initafune mimi? Tatizo ni kiapo. Niliapa mbele ya ukoo wote wa mke wangu Shalan kwamba Bhaubij, siku ya dada kwenda kwa kaka, atafika kwa skuta yangu. Kaka yake, shemeji Vasant, ana gari. Amepiga simu kuuliza anitumie dereva au machela.

Ijumaa, 17 Oktoba
Akili ni mali! Maji ya kunywa tunayaweka kwenye shaba, yanakaa safi, kutu hakuna. Petroli ina kosa gani? Nimechukua mtungi wa shaba aliotupa mama mkwe harusini, mfua shaba kaulehemu mfuniko, nikaufunga chini ya kiti. Skuta imewaka kwa teke la kwanza. Shalan kauliza mtungi uko wapi. Nimesema umeenda kung'arishwa.

Jumapili, 19 Oktoba
Petroli imegeuka kijani. Nimewatangazia majirani kwamba shaba inanyonya sumu. Fundi kachungulia, akasema sumu gani bwana, shaba yenyewe ndiyo inayoliwa, tena inaigandisha petroli kuwa utomvu, utaziba kabureta. Eti hata vipande vya shaba ya njano ndani ya kabureta vimeshaanza kulika. Wivu tu.

Alhamisi, 23 Oktoba
Ushindi! Skuta ilizima njiani, kweli, ila trekta la miwa likatuonea huruma. Vibarua wake wakaipandisha skuta juu ya mzigo, na sisi juu ya skuta. Tumeingia uani kwa Vasant tukiliangalia gari lake kutoka juu. Niliapa atafika kwa skuta, na amefika ameikalia. Ukoo mzima umepiga makofi. Shalan hajanisemesha, nadhani ni furaha.

Mama mkwe aliinama, akautambua mtungi wake. Kisha akampa Shalan mwingine, akimwambia mwanangu, huu ufungie kabatini, mumeo asiuone.

Jumamosi, 25 Oktoba
Ufunguo wa kabati nimeupata. Kumbe kosa lilikuwa shaba nyekundu. Mtungi huu ni wa shaba ya njano, na chini ya kiti unaenea sawasawa.