Farasi Arobaini na Kiti cha Heshima

Jumatatu, 3 Machi
Wengine huzaliwa na nywele, mimi nilizaliwa na bahati. Leo nimepata injini ya boti, nguvu za farasi arobaini, kwa bei ya kutupa! Fundi anadai kiboti changu kinataka farasi nane, kumi ikizidi sana. Nikamwambia mimi nimetembea, sifundishwi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana nane. Nane! Cherehani inanguruma kuliko hiyo. Ijumaa mama mkwe anachagua nani amvushe ziwa kila wiki na marobota yake ya mitumba: mwanawe au mimi. Mke wangu kanisihi, safari hii nisimwaibishe kwa mama yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimefunga injini. Nyuma imedidimia, mbele imeinuka. Maji yakaingia kama yamealikwa. Shemeji akapita taratibu, akauliza, vipi shem, boti inatafuta mtandao? Fundi akasema nipunguze injini. Kupunguza! Dawa ni uzito mbele. Ila mawe ni ushamba.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Mama mkwe ana mwili wa haja, Mungu amzidishie. Nikamwendea, nikainama, nikamwambia kiti cha mbele kabisa ni cha heshima, nimemwekea yeye. Akaniita mwanangu. Akamwambia shemeji aje ajifunze adabu kwangu.

Ijumaa, 7 Machi
Tumeruka! Mama mbele kama rais, mtandio unapepea, boti imelala sawa kama meza. Shemeji nyuma huko anameza povu letu. Mama akapiga kigelegele, akasema kazi ni yako, baba. Tukafika gatini. Adabu ni adabu: mkubwa hushuka kwanza. Nikampa mkono, nikasema tangulia mama.

Akatangulia.

Mbele ikasimama wima. Mimi, injini na marobota tukateremka pamoja. Nilipoibuka nina suruali ya mtu kichwani, mama anaitazama boti. Akajitazama. Akanitazama mimi. Akauliza polepole, kwa hiyo heshima yenyewe ndiyo hii? Shemeji alicheka mpaka akashika nguzo. Kazi kapewa yeye. Mke wangu kajifungia chumbani. Godoro langu nimelikuta sebuleni.

Jumamosi, 8 Machi
Injini tumeiopoa. Haina kosa! Fundi kaniletea ya farasi nane niijaribu bure, nimemfukuza. Shida ilikuwa kwenye kushuka tu. Mimi mtu wa bahati? Uongo mtupu. Mtu wa bahati angekuwa na mama wakwe wawili: mmoja ashuke, mwingine abaki.