Goti Langu na Mkate Uliotundikwa Ukutani

Kwa Daktari Ikromjon, Mpasuaji wa Mifupa, Hospitali ya Wilaya, Fergana.

Aibu yako! Mtoto niliyekuwa nikimfuta kamasi kwa kitambaa changu, leo anaogopa goti la bibi kizee. Nakuandikia kwa heshima zote unazostahili. Ukiziona chache, nimezitafuta sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne ile, wiki tano zilizopita, niliuma mkate mbele ya familia nzima, kama desturi yetu kwa msafiri anayeaga, mwanangu akautundika ukutani uningoje nirudi nimepasuliwa, niumalize. Wewe ukafunua goti, ukaona magamba yangu mekundu ya miaka ishirini, ukasema, “Bibi, hapa sikati. Vijidudu vya kwenye magamba vitaingia kwenye goti la chuma. Na ngozi hii ukiichokoza, ugonjwa unaota mpaka kwenye kovu. Rudi ikitulia.” Saa nne niko nyumbani! Sasa ule mkate niule, nisiule? Msafiri mwenyewe hajasafiri. Umekauka kuliko kichwa chako, na wajukuu wakipita chini yake wanacheka.

2. Eti ugonjwa unafuata kisu. Unanifundisha mimi? Mliponitoa mfuko wa nyongo, magamba yaliota juu ya kovu, yamenyooka kama mtaro wa shamba la pamba. Basi kama yana utii hivyo, anza kukata gotini, shuka polepole hadi kidole gumba, yakufuate yote, kisha unikate ukucha. Tumemaliza.

3. Goti la kushoto ni safi, laini kama shavu la bi harusi. Haliumi, lakini linapasulika. Tia chuma huko, hili bovu lione wivu. Hutaki? Nipe la kwako. Hulitumii, kwa mama yako hufiki.

4. Mjukuu wangu Dilmurod anaoa siku ya Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Nimeapa mbele ya mtaa mzima kwamba nitacheza. Unataka bi harusi wake aniinamie nikiwa kitini kama mkaguzi wa shule?

5. Daktari wa ngozi, Muattar, uliyenituma kwake, alinipa tyubu tatu. “Paka kila siku, bibi, miezi miwili tu, utapasuliwa.” Wiki tano zimepita, magamba yako palepale! Dawa yenu ni maji ya kuoshea vyombo.

Msalimie mama yako, wauguzi wote, na yule mlinzi aliyenibeba hadi kwenye teksi bila kuguna.

Ni mimi bibi yako,
Oyimnisa, lango la buluu, ng'ambo ya mtaro.

Nyongeza: Muattar asijue. Dawa sikujipaka. Ng'ombe wangu Targil alipasuka chuchu, nikampaka yeye tyubu zote tatu. Chuchu sasa zinang'aa kama vikombe vya chai, kwa hiyo dawa ni nzuri mno. Lete tyubu sita kabla ya Ijumaa, tatu zangu, tatu zake, uzilete kwa miguu yako mwenyewe. Halafu kanoe kisu.