Nyuzi Tatu na Jogoo Mmoja

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu. Baridi. Baba na mama bado hawasemeshani. Asubuhi baba aliniambia nimwambie mama kuwa chai haina sukari. Mama, aliyekaa upande wa pili wa meza hiyohiyo, akaniambia nimwambie baba kuwa kopo la sukari liko mbele ya pua yake. Nikafikisha salamu zote mbili. Nikachelewa shule.

Chanzo ni Jemedari, jogoo wa baba. Jumapili ya Mavuno mama hakuwa na cha kupeleka kanisani, akamkamata Jemedari na kumtoa sadaka. Baada ya ibada, kama ilivyo ada, sadaka zikapigwa mnada uwanjani. Baba alikuwa anangoja kununua mkungu wa ndizi. Akamwona jogoo wake mezani, miguu imefungwa! Akapandisha bei mpaka akatoka jasho. Jirani yetu Mzee Sumari akampita. Sasa Jemedari anawika ng'ambo ya uzio, na kila akiwika baba anageuka na kumtazama mama, kama Bwana alivyomtazama Petro.

Leo mama katangaza: Jumatatu ijayo anakwenda kwa bibi, kijijini Akheri, kusaidia kuchuma kahawa. Nikauliza atarudi lini. Akasema kahawa ni nyingi.

Miti ya kahawa ya bibi inahesabika kwa vidole.

Jumanne, 15 Julai

Mpango! Kanisani wanandoa wamehimizwa kutumia programu ya simu iitwayo Nyuzi Tatu. Kila jioni inaleta mstari wa Biblia na swali. Mume anajibu kwenye simu yake, mke kwenye yake. Wakishajibu wote wawili, kila mmoja anaona jibu la mwenzake, na mti uliochorwa unaota jani. Mchungaji huona miti tu, majibu hayaoni.

Wazazi wangu hawatajiunga. Basi watajiunga bila kujua.

Simu ya baba niliichukua niiweke chaji. Ya mama niliichukua akikamua ng'ombe. Nikazima milio. Kwa niaba ya baba nikaandika: “Waridi langu la Sharoni, aghalabu nawaza uzuri wako nikipalilia migomba.” Kwa niaba ya mama: “Nawe u mwerezi wangu wa Lebanoni.” Nililia kidogo kwa jinsi ilivyopendeza.

Jani la kwanza!

Brenda, binti wa mweka hazina wa usharika, alijigamba kwenye kwaya kuwa mti wa wazazi wake umeshachanua. Akaniuliza, Eunike, wa kwenu vipi, umeliwa na mbuzi? Tutaonana kwenye maua.

Alhamisi, 17 Julai

Majani yameongezeka. Kisha balaa. Milio ya simu ya mama ilikuwa imewashwa tena, nami sikuangalia. Ikalia akiwa anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando: mwenzi wako amejibu. Akasoma. Akafunika simu kwa kanga. Akaifunua, akasoma tena.

Usiku baba alipakuliwa paja zima la kuku. Akalitazama kwa hofu. Akaniambia nimuulize mama anaomba nini. Mama akaniambia nimwambie haombi kitu, ale. Baba akala huku ananusa.

Inafanya kazi! Ila begi la mama bado liko juu ya kabati, na leo kaongezea sweta.

Ijumaa, 18 Julai

Nilipofungua simu ya mama nimjibie, nilikuta kashajibu mwenyewe! Swali lilikuwa: ni jambo gani hujamweleza mwenzako? Mama kaandika: “Sikumtoa Jemedari kwa ubaya. Niliona aibu kwenda madhabahuni mikono mitupu. Ningekuomba ungekataa, basi sikuomba.”

Sasa ni zamu ya baba kujibu, na baba ni mimi. Nikafuta waridi. Nikafuta mwerezi.

Nikamfuata baba kwenye kahawa. Nikamuuliza, kwani kuku ana nini hasa? Akamaliza kuchuma tawi zima. Kisha akasema Jemedari alianguliwa wiki ile mama alipolazwa hospitali. Akasema alikuwa akirudi kutoka kumwona anaikuta nyumba kimya, kile kifaranga kikilia ndani ya boksi jikoni. Akasema, basi mtu unaona kuna uhai. Akaniambia nisisimame kama mgomba, nichume.

Nimeandika alivyosema. Sikuongeza hata aghalabu moja.

Jumapili, 20 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mti wetu umechanua kuliko wa akina Brenda! Mchungaji akawaita wazazi wangu mbele, akamwomba baba awasomee washarika jibu moja tu, kwa faida ya vijana. Baba akadhani kuna kosa. Mama akamfungulia ile programu kwenye simu yake mwenyewe, akamshikisha. Baba akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya kusoma matangazo: waridi langu la Sharoni. Kanisa likaangua kicheko. Akafika kwenye aghalabu. Akainua macho hadi kwenye kwaya, safu ya pili, kwangu mimi. Nyumba yetu ina mtu mmoja tu anayesema aghalabu.

Nikajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Lakini alikuwa ameshatelezesha kidole, akakuta la mama. Akalisoma kimya. Akakuta na lake, maneno yake mwenyewe. Hilo akalisoma kwa sauti, polepole, na hakuna aliyecheka. Mama akafuta macho kwa kanga. Mzee Sumari akatoka kabla ya baraka.

Mnadani akarudi na Jemedari kwapani, akamtoa sadaka! Baba, aliyekuwa karibu na mlango, akataja bei. Mtu kwenye kundi la akina mama akaipandisha. Baba akapanda. Yule naye akapanda. Watu wakaanza kucheka, baba akazidi kukaza shingo, mpaka mpiga mnada akauliza kama hawa wawili hawalali nyumba moja.

Alikuwa mama.

Baba akasema, na hakunipitia mimi: “Mama Eunike, unanipandishia jogoo wangu?”

Mama akasema: “Wako wapi? Nakununulia wewe, baba. Nyamaza nimalize.”

Akanyamaza.

Jumatatu, 21 Julai

Wamekwenda Akheri wote wawili. Baba kabeba begi, mama kambeba Jemedari akamwonyeshe bibi. Watarudi jioni, mama kagundua kahawa si nyingi kiasi hicho. Jana walijibu swali la Nyuzi Tatu wamekaa benchi moja, wakisomeana kwa sauti kabla ya kuandika. Wanaharibu utaratibu mzima.

Mimi nimebaki kuzoa samadi. Ni adhabu. Pia nimeapishwa, mkono juu ya Biblia, kuwa sitaandika tena chochote kwenye simu ya baba wala ya mama. Nimeapa kwa moyo wote.

Mchana Mama Sumari aliniita uzioni. Nikamwamkia. Akaniomba nimwambie Mzee Sumari chakula kiko mezani. Mzee Sumari alikuwa nyuma yake, anapasua kuni. Kumbe hawasemeshani tangu jana: katoa jogoo bila kushauriana na mkewe!

Baadaye Mzee akaniletea simu yake nimwangalizie kwa nini hailii.

Kiapo kilitaja simu mbili tu. Ya Mzee Sumari haimo.

“Waridi langu,” nimeanza, “aghalabu…”