Wageni Kumi na Wanne wa Ngome ya Umm Sidr

Jumapili, 10 Novemba

Nimekwisha. Barua imefika kutoka Maskati. Bi Rayya, mkaguzi wa ngome, atakuja Alhamisi. Hapa Umm Sidr tuko wawili kwenye majaribio: mimi, karani, na Yaarub, mwongoza wageni. Nafasi ya kudumu ni moja. Ataamua kwa kusoma kitabu cha wageni.

Nimekisoma kabla yake. Tangu Septemba Yaarub amesifiwa mara thelathini na moja. Mimi mara mbili. Ya kwanza: "Karani alitufungulia choo." Ya pili, ya Oktoba, haina jina: "Kijana mmoja mwembamba alitueleza habari za chokaa." Basi. Wala hakuweka alama ya mshangao.

Nikikosa kazi hii, Ami Muhanna ameshaniwekea kigoda katika duka lake la chakula cha mifugo. Miaka minne chuoni nikisoma historia, halafu mbuzi! Mbuzi wananitia hofu. Wanamtazama mtu usoni.

Na mama ameshatangaza mtaa mzima kwamba ngome ni yangu. Majirani wananiita Liwali.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimejaribu njia ya haki. Yaarub alikuwa kwa kinyozi, nikawachukua wageni mwenyewe. Walimu wa Sohar na watoto wao. Langoni niliwaonyesha tundu la juu. Mtoto mmoja akauliza ni maadui wangapi waliounguzwa hapo kwa asali ya tende inayochemka. Nikamjibu kwa uangalifu kwamba hakuna hati inayotaja hata mmoja, na kwamba pengine tundu lilikuwa la kumwagia maji mlango unapochomwa moto. Mama yake akauliza kama nina hakika. Nikasema sina.

Chumba cha tende kilikwenda vizuri zaidi. Nikaeleza mifereji ya sakafuni: magunia ya tende yalipangwa juu yake, yakakandamizana kwa uzito, asali ikachuruzika polepole mpaka kwenye mtungi. Walisikiliza, naapa! Ndipo Yaarub akarudi, kidevu kinang'aa, akapaza sauti uani: nani anataka kuona walipokufa watu tisa? Wiki jana walikuwa saba. Wakanikimbia wote.

Nikawafuata ngazini niwaonye kuhusu kipandio cha mtego. Chini yake kuna shimo. Zamani ubao uliondolewa ili adui atumbukie. Siku hizi ubao upo, na kibao cha tahadhari nimekiandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Leo ubao ulikuwa umeondolewa kwa usafi. Nikatumbukia. Mpaka kwapani. Wageni wakapiga makofi. Yaarub akawaambia, "Na huyo ndiye wa kumi!"

Kitabuni: "Karani alitumbukia. Watoto walifurahi mno."

Jumanne, 12 Novemba

Mvua kubwa milimani tangu alfajiri. Saa mbili maji yakashuka bondeni yakiburuta mitende mizima. Barabara imekatika. Yaarub amepiga simu kutoka kwao, ng'ambo ya bonde: hakuna anayevuka, nisimngoje, na tafadhali nisitumbukie tena. Kijiji kizima kiko ukingoni kutazama maji. Ami Sulayyim, mlinzi wetu, naye ameondoka na mkeka na birika la kahawa.

Niko peke yangu. Mimi na kitabu.

Sikupanga. Kalamu ilikuwa mkononi tu.

Kufikia adhuhuri nimepata wageni wanane. Daktari wa Nizwa, ambaye maelezo yangu yamemtoa machozi. Mume na mke wa Kijerumani, kalamu ya kijani, mkono wa kushoto. Fahari yangu ni bibi kizee wa Kuwait, miaka themanini na mbili, kwenye kiti cha magurudumu: "Nimezunguka ngome zote za Uarabuni, sijasikia chokaa ikielezwa namna hii!" Alama ya mshangao nimeweka. Ili waaminike, mmoja nimemfanya alalamike: karani ni mnyenyekevu kupita kiasi.

Tarehe nimeandika ya leo kwa kila mmoja. Kughushi tarehe siwezi. Mimi ni karani.

Jumatano, 13 Novemba

Maji bado yako juu. Hata ngamia hajathubutu kuvuka. Nimeongeza wageni sita, tarehe ya leo. Mmoja amesikitishwa na Yaarub: "Kelele nyingi, maiti wengi."

Ami Sulayyim akaingia bila kubisha hodi. Nikakikalia kitabu. Akanimiminia kahawa, akauliza mbona vidole vyangu vina wino wa rangi nne. Kwa hofu nikasahau kutikisa finjani, ishara ya kwamba nimetosheka. Naye, mtu wa adabu, akawa anamimina tu. Finjani kumi na moja! Mwishowe akanishika mkono akautikisa yeye mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "wewe una jambo."

Nikasema ni moyo tu. Na kweli, kwa kahawa ile, ulikuwa unapiga kama ngoma ya harusi.

Alhamisi, 14 Novemba

Maji yamepungua. Bi Rayya amefika saa nne, gari tope tupu, na Yaarub kiti cha mbele! Kumbe alitoka Maskati Jumanne ili atushtukize, akakwama ng'ambo. Siku mbili amelala kwa mama yake Yaarub, anakula harisi yake. Nikadhani hiyo ndiyo hatari. Sikujua kitu.

Akaketi na kitabu. Ukurasa wa Jumanne. Ukurasa wa Jumatano. Akavua miwani.

Akaniuliza, kwa upole ambao sitausahau, hawa Wajerumani walipita wapi. Nikasema labda mlimani. Na daktari? Mlimani. Na bibi wa Kuwait? Nikasema alisukumwa.

"Mlimani, mwanangu? Na kiti chake?"

Ami Sulayyim akatoka nje kucheka. Yaarub akajaribu kunitetea, akasema viti vya Kuwait vina nguvu sana. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kisha Bi Rayya akafunua Oktoba. Akaweka kidole kwenye kijana mwembamba na chokaa. Akasema aliyeandika ni yeye. Alikuja na shungi lake kama mgeni yeyote, bila kujitaja. Ngome alizozikagua ni nyingi, na humo hajawahi kumsikia mtu akisema "sina hakika". Akaona huyo ndiye wa kukabidhiwa ngome. Barua ya ajira ilikuwa mkobani mwake tangu Maskati. Akanionyesha. Mundhir bin Nabhan. Jina langu limeandikwa bila kosa.

Akairudisha mkobani.

Hajanifukuza. Afadhali angenifukuza. Amesema nimpe Jumapili barua ya ukurasa mmoja: nani aliandika, na kwa nini. Nikifanya hivyo, barua yake itatoka tena. Nisipofanya, nafasi ni ya Yaarub.

"Ukweli tu, mwanangu. Usiniongezee kitu."

Ijumaa, 15 Novemba

Ngome imefungwa, kama kila Ijumaa. Lango lina kufuli, ufunguo anao Ami Sulayyim, naye amekwenda kwa binti yake, mjini Suri. Niko nyumbani naandika ukweli.

Nimeuandika mara sita. Kila mara unatoka maneno mawili: "Ni mimi." Ukurasa mzima, maneno mawili! Unaonekana kama umevuliwa nguo. Unahitaji mtu wa kuusindikiza.

Nimelichunguza kosa langu kwa makini, nami nimeliona. Wageni walikuwa wengi mno. Kumi na wanne! Tamaa tupu. Mmoja angetosha.

Basi nimewafuta wote kichwani mwangu, nimembakiza bibi wa Kuwait. Lakini bibi anaweza kuulizwa maswali. Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, nimemfisha. Jana alasiri, kitandani kwake, amezungukwa na wanawe. Nimelia kidogo. Barua inatoka kwa mjukuu wake. Anaeleza kwamba marehemu alivuka bonde Jumatatu, kabla ya mvua, kwamba alitaja chokaa mpaka pumzi ya mwisho, na kwamba aliomba yule karani mkweli abakizwe kazini. Nitaiambatisha nyuma ya "Ni mimi".

Na ili pasiwe na shaka yoyote, mjukuu ameileta mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka ofisini kwangu ngomeni, saa tatu asubuhi. Nimempokea. Nimempa kahawa. Muhuri ninao hapa mkobani, nimeugonga: Imepokelewa, Ijumaa, 15 Novemba.

Tarehe siwezi kughushi.