Kipini Nilichokusudia na Kipini Kilichoeleweka

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa.

YAH: BINTI YAKO KUTOBOA PUA KWA SABABU YA WEMBE WANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mkweo, karani wa masjala kwa miaka kumi na tisa, sijawahi kupoteza jalada wala kukuletea kesi. Leo maji yamenifika shingoni.

1. Mwezi uliopita nilinunua wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, wa bei ya chini, mshikio wake plastiki yenye rangi ya dawa ya kikohozi. Nikaamua kuurembesha mwenyewe baada ya kazi, maana mtu hawezi kugonga mihuri mpaka kufa. Nilibandua plastiki, nikachonga kipini kipya kutoka mguu wa stuli iliyovunjika, nikakipiga msasa siku tisa na kukikaza kwa vijimsumari vya shaba. Mama, kiling'aa mpaka nikajionea wivu.

2. Binti yako aliponiuliza nahangaika na nini barazani, nilimjibu kwa ukweli na kwa ufupi kwamba natengeneza kipini. Kisu kina kipini, wembe una kipini, hata kamusi ya ofisini inakubali. Yeye akaelewa kipini cha puani. Hakuuliza swali la pili. Alikwenda kutoboa pua.

3. Pua haijapoa, akawatangazia dada zake wote kwamba mumewe, ambaye hajawahi kumletea hata pete ya bati, anamtengenezea kipini kwa mikono yake. Nao wakatangaza; sasa wanawake wa mtaa wananisalimu kwa heshima nisiyoizoea, na waume zao wameninunia.

4. Jumamosi nilimwonyesha kazi iliyokamilika. Aliitazama, akasema ni nzuri sana, kisha akaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi. Angenifokea ningejua pa kujitetea. Tundu ameliziba kwa kijiti cha ufagio, na kijiti hicho kinanitazama kila mlo. Naumia, Mama, sikufichi.

Kwa hiyo naomba uthibitishe kwa maandishi kwamba kipini ni mpini mdogo. Dada zake wapewe nakala na kila mmoja atie sahihi. Na wewe, uliyemzaa na pua nzima, uje uikague na kutamka rasmi kwamba tundu lile halinihusu.

Msalimie Baba Mkwe, na mashemeji wote, hata waliotangaza.

Wako mtiifu katika ukwe,
Mkweo, Karani

Tanbihi: Nilikwisha kuifunga bahasha, nimeifungua tena. Ukweli ni kwamba siku ya pili tu baada ya kumjibu nilimkuta mbele ya kioo akijipimia ushanga puani. Nilielewa kila kitu. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa akiniletea chai barazani na kuniita fundi, na tangu tuoane hajawahi kuniita fundi wa chochote. Jana nimechomoa kijimsumari cha shaba kilichoushika wembe kwenye kipini, nikakisugua, nikakichemsha, nikampa. Kimemkaa, Mama! Wembe umeachana na kipini chake na haukunjiki tena. Kesi nimeifuta, lakini ukaguzi uko palepale, na uje na dada zake wote waione pua. Ndevu zangu atazinyoa kinyozi.